Mbona Jirani Amelipwa na Mimi Sijalipwa? Jibu kwa Wateja Wetu wa Bima ya Mazao

Masika yakiisha vibaya, swali hili huingia ofisini kwetu, sisi mawakala wa bima hapa Nakuru, kabla ya salamu. Mara ya mwisho lililetwa na mama mmoja kutoka Solai. Aliweka karatasi yake mezani akasema, mbele ya wateja wengine waliokuwa kwenye foleni, kwamba tumekula pesa yake. Binamu yake analima ng'ambo ya barabara. Mahindi yao yalikauka wiki ileile. Binamu akapata fidia kwa M-Pesa, yeye hakupata hata shilingi.

Hatukumjibu kwa hasira. Mtu aliyelipa ada ya bima halafu akaona shamba likigeuka mabua ana haki ya kuuliza kwa sauti. Tulifungua kompyuta tukamwonyesha nukta ya shamba lake kwenye ramani. Haikuwa Solai. Ilikuwa Bahati, katikati ya soko.

Anayeishi Nakuru anajua mvua ya Bahati siyo mvua ya Solai. Bahati iko juu, mawingu hutua huko na kumwaga. Ukiteremka kwenda Solai unakutana na vumbi, hata kama huko juu watu wamejifunika miavuli. Msimu huo Bahati ilinyesha vya kutosha. Kwa hiyo mfumo unaopima mvua kwa setilaiti uliangalia mahali palipoandikishwa, ukaona mvua ipo, ukafunga hesabu.

Ilikuwaje? Mbegu walinunua kwa pamoja kupitia chama. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na kadi ya kukwangua yenye nambari ya kuanzisha bima, ambayo mkulima hutuma kwa simu siku anayopanda. Katibu wa chama alitaka kuwapunguzia wenzake kazi. Alikusanya kadi, akaketi sokoni, akazituma moja baada ya nyingine. Simu ikituma nambari hiyo, mahali ilipo hutambuliwa kwa mlingoti wa mtandao ulio karibu, na hapo ndipo shamba lako linapohesabiwa kuwa lipo. Yule binamu hakuwa kwenye mkutano siku hiyo, akatuma yake mwenyewe akiwa shambani.

Sasa tueleze kwa nini kampuni za bima zinafanya hivi, kwa sababu wengi wanadhani setilaiti ni njia ya kukwepa kulipa.

Zamani bima ya mazao ilikuwa ya wenye mashamba makubwa ya ngano kule Njoro na Mau Narok. Hasara ikitokea, mkadiriaji alipanda gari, akatembea shambani, akahesabu mashina, akaandika ripoti. Kwa ekari 500 hilo linawezekana. Kwa mwenye ekari moja na nusu, mafuta ya gari na posho ya mkadiriaji vinapita ada yote aliyolipa. Hiyo ndiyo sababu mkulima mdogo hakuuziwa bima kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ulianza mpango wa Kilimo Salama, ulioanzishwa na Wakfu wa Syngenta pamoja na kampuni ya bima ya UAP na Safaricom, na baadaye ukawa kampuni ya ACRE Africa. Mkulima aliongeza asilimia 5 ya bei ya mbegu na mbolea, kampuni za pembejeo zikaongeza asilimia 5 nyingine, na malipo yakaja kwa simu. Hakuna aliyekuja kukagua shamba. Kilichokaguliwa ni mvua.

Na mvua inakaguliwaje kutoka angani? Setilaiti inayotumika hapa haioni matone. Inapima ubaridi wa sehemu ya juu ya mawingu. Wingu refu la mvua kubwa lina kilele chenye baridi kali, na kadiri linavyokaa juu ya eneo ndivyo mvua inavyokadiriwa kuwa nyingi. Makadirio hayo huchanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini. Moja ya kumbukumbu za mvua zinazotumika sana, iitwayo CHIRPS, inaanzia mwaka 1981 na imegawanya nchi katika miraba ya kilomita 5 hivi kila upande. Kumbukumbu hiyo ndefu ndiyo inayopanga bei: kampuni inaangalia mraba wako umekosa mvua misimu mingapi tangu 1981, na wakati gani wa msimu, ndipo inasema ada ni kiasi gani.

Mkataba wenyewe hugawa msimu vipande: kuota, kukua, kutoa mbelewele na kujaza punje. Tuchukue hesabu ya mfano. Mkataba unasema kipindi cha mbelewele kinahitaji milimita 80. Zikifika 80, hakuna malipo. Zikipungua, kila milimita iliyokosekana inalipa shilingi 200 kwa ekari. Zikinyesha 55, zimekosekana 25, na wewe unapata shilingi 5,000 kwa ekari. Hakuna wa kumpigia simu, hakuna wa kumpa chai. Na hapa ndipo watu hukosea: mvua iliyomwagika yote siku mbili mwanzoni na kukatika wakati wa mbelewele haikuokoi shambani, na mkataba ulioandikwa vizuri unalijua hilo. Ukija kwetu, uliza vipindi vimegawanywaje kabla ya kuuliza bei.

Kasoro ipo, na huwa tunaisema kabla mteja hajatoa pesa. Mstari wa mraba unaweza kupita kati yako na jirani. Pia mvua ya manyunyu inayoshuka kutoka kwenye mawingu yasiyo marefu, kama ile ya kuelekea Mau, setilaiti huikosa kwa urahisi. Kwa hiyo unaweza kulipwa na shamba lako limepona, na unaweza kukauka usilipwe. Vituo zaidi vya ardhini husaidia, na ndiyo maana tunafurahi tukiona shule zikiwekewa vile vituo vidogo vya hali ya hewa vya TAHMO, mradi wa kuweka vituo hivyo Afrika.

Nakuru ina bahati ya kuwa na aina ya pili pia. Serikali ilipoanza mpango wake wa bima ya mazao mwaka 2016, kaunti za kwanza zilikuwa Bungoma, Embu na Nakuru, na ilichangia nusu ya ada. Bima hiyo haiangalii mvua, inaangalia mavuno ya eneo zima. Mashamba ya kupimwa huchaguliwa kwa bahati nasibu, wapimaji wanafunga kamba kuzunguka kipande kidogo, wanavuna kilichomo, wanapima uzito na unyevu wa punje. Wastani wa eneo ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, hata yule aliyevuna gunia 25. Wastani usiposhuka, hakuna anayelipwa, hata wewe ambaye viwavijeshi walikumaliza peke yako. Mzee mmoja wa Rongai alituambia tumwambie mpimaji apime ile kona yake iliyokauka. Haiwezekani. Mpimaji anakuja na nukta iliyochaguliwa na kompyuta, na simu yake inaandika mahali na saa alipopiga picha.

Turudi kwenye njia za mkato, kwa sababu zinatuumiza wote.

Ya kwanza ni hiyo ya kuandikisha kutoka sokoni, au kumwachia mwenye agroveti akuandikishie. Sisi hatukubali tena. Tunapanda boda hadi shambani. Mwenye shamba anatangulia, sisi tunafuata na simu mkononi. Kwenye kona ya kwanza tunasimama. Ramani inaonyesha kiduara cha buluu mahali tulipo, na mwanzoni huwa kipana, kinameza hadi nyumba ya jirani. Chini ya miti ya migrevilia hukataa kabisa kupungua, kwa hiyo tunatoka kivulini na kusubiri kibakie cha mita chache, ndipo tunabonyeza. Tunakwenda kona ya pili, ya tatu, mpaka tunarudi tulipoanzia. Kuna wateja wanaotuona wachelewevu, wanataja wakala fulani anayemaliza kijiji kizima kwa asubuhi moja akiwa kwenye kiti. Ukitembea mpaka wako hivyo, picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10 na hupita kila baada ya siku 5 hivi, zinaweza kuonyesha mahindi yako yenyewe yakiwa kijani au yakigeuka rangi. Ukituma nukta ya sokoni, zitaonyesha mabati.

Ya pili ni tarehe. Kijana mmoja wa Njoro alinunua mbegu Februari wakati bei ilikuwa nafuu, akatuma nambari ya kadi siku hiyohiyo ili asisahau. Kadi yake ilikuwa ya kulipia mbegu upya mvua ikikosekana siku 21 baada ya kupanda. Alipanda Aprili. Siku 21 zilikwisha hesabiwa akiwa hajaingiza hata trekta. Mbegu zilipoozea ardhini mwishoni mwa Aprili, hapakuwa na bima tena ya kudai. Alinunua mbegu mara ya pili kwa bei ya msimu wenyewe, na akiba yote ya Februari ikaishia hapo.

Ya tatu ni kusubiri. Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua haba, simu zetu hulia kutwa. Lakini kampuni ya bima inasikiliza utabiri huohuo, pamoja na ule wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu. Ndiyo maana dirisha la kujiandikisha hufungwa kabla ya msimu kuonyesha dalili zake. Wengine huomba tuwaandike sasa walipe wakivuna. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Hatuwezi kukusaidia kwa kuvunja sheria, maana siku ya fidia karatasi hiyo haitakuwa na thamani.

Kuhusu bei tutasema wazi. Ada ya bima ya aina hii mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya kiasi ulichokinga. Si yetu. Inakwenda kwa kampuni, na sehemu yake inakwenda kwa kampuni kubwa zinazobeba mzigo wa kampuni za bima zenyewe, kwa sababu ukame hauchagui mtu mmoja, unapiga kaunti nzima kwa siku moja. Sisi tunapata kamisheni kutoka kwa kampuni. Nauli ya boda, bando na muda wa kutembea mpaka tunavitoa humohumo. Mtu akikuuzia kwa bei ya chini sana, muulize ni kipindi gani cha msimu amekiondoa kwenye mkataba. Tumeona mikataba ya bei poa inayokinga kuota tu, ilhali hasara kubwa ya mahindi ya huku hutokea Juni na Julai yakitoa mbelewele.

Mvua ya mawe ni suala tofauti. Mteja wetu wa Molo alipigwa, viazi vikabaki vijiti, naye alikuwa na bima ya mvua. Setilaiti iliona mvua ya kutosha siku hiyo. Kwa mawe, moto na baridi kali unahitaji bima ya hatari nyingi, ile ya mkadiriaji kuja shambani, na ni ghali zaidi kwa sababu anakuja kweli. Kwa viazi vya Molo tunaipendekeza bila kusita.

Nyumba na magari nayo. Tangu maji yalipofagia Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 na kuua watu wengi, maswali ya mafuriko yameongezeka, na wateja wanashangaa tukiwauliza nyumba iko umbali gani na mto au ziwa. Kampuni zina ramani za mwinuko wa ardhi, na zina picha za rada za setilaiti, kama za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu na giza na kuonyesha maji yalifika wapi. Ukiandika kwamba jengo liko mlimani ilhali liko bondeni, itajulikana, na itajulikana siku mbaya. Kwa gari, bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako likisombwa. Na hata ukiwa na bima kubwa, likizimika kwenye maji usipige stata tena. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, konrodi inapinda, na mkadiriaji akifungua injini anaona mara moja kwamba ililazimishwa. Livute, piga picha ya kimo cha maji, tupigie.

Yule mama wa Solai tulimsaidia kuandika malalamiko kwa kampuni, akiambatisha picha na barua ya chifu kuhusu shamba lilipo. Yeyote asiyeridhika na jibu la kampuni anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na tutakupa nakala za kila kitu tulichonacho. Msimu huu amekata tena, na mpaka wake tumeutembea naye.

Kwa wanaojiandaa kupanda: njoo na kitambulisho, nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na ekari utakazopanda kweli, si zile za kwenye hati ya ardhi. Kama shamba ni la kukodi, njoo na makubaliano hata kama yameandikwa kwa mkono. Kadi ya mbegu usiikwangue mpaka siku ya kupanda, ukiwa umesimama shambani. Vyama tunavitembelea, shamba kwa shamba, ila katibu atupigie mapema ili tupange njia, maana barabara za Solai na Subukia zikishalowa boda hazipandi.