Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: moyo "umetanuka" kwa milimita ngapi?

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, na nadhani ndivyo, basi pokea salamu za Uyole, ambako asubuhi hii hata maji ya kunawa yanauma vidole.

YAH: KUPIMA NA KUANDIKA UKUBWA WA CHUMBA CHA JUU KUSHOTO CHA MOYO KWA WAGONJWA WA PRESHA NA VALVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza, nami nilianza hivyo barua zangu zote za kuomba likizo mpaka nikastaafu uuguzi. Leo siombi likizo. Naandika kwa sababu ya karatasi moja.

Karatasi yenyewe ni majibu ya eko, yaani utrasaundi ya moyo, aliyopimwa dada yangu miaka mitatu iliyopita katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Dada ni mkulima wa ndizi na parachichi huko Rungwe, na presha anayo tangu mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa. Alikuwa analalamika kwamba usiku moyo unamrukaruka "kama kuku aliyefungwa miguu", kisha unatulia wenyewe. Akapimwa umeme wa moyo, ukaonekana safi. Akapimwa eko, karatasi ikaandikwa: "Moyo umetanuka. Aendelee na dawa za presha." Basi. Tukarudi nyumbani, tukawaambia majirani kuwa dada ana moyo mkubwa. Wakacheka, wakasema hilo walilijua siku nyingi, maana hakuna anayetoka kwake mikono mitupu.

Miezi 14 baadaye alikuwa anamenya ndizi, kisu kikamponyoka. Akainama kukiokota, mkono wa kulia ukagoma. Alipotaka kumwita binti yake, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Safari hii kipimo cha umeme kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Baadaye tukampeleka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kwa basi, na daktari aliyerudia eko aliandika tarakimu: chumba cha juu kushoto, milimita 48. Kwa mwanamke, kawaida haivuki 38.

Chumba cha moyo hakifiki huko kwa wiki mbili, Mganga Mkuu. Siku ile ya kwanza kilikuwa kimeshaanza kutanuka, na nina hakika aliyeshika mashine alikiona. Hakukiandika tu.

Haya unayajua kuliko mimi, ila barua iko wazi na watasoma wengine, kwa hiyo nivumilie. Presha ya miaka mingi hunenepesha ukuta wa chumba kikubwa cha chini, unakakamaa. Chumba cha juu kinachomimina damu humo kinabanwa kila pigo, kinavutika kama lastiki ya sketi ya shule, mwisho hakirudi. Nyama yake inaingia makovu. Umeme uliozoea kupita moja kwa moja unaanza kuzunguka na kugongana, na chumba kinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama kwenye kile kifuko kidogo cha pembeni, inaganda, na donge likichomoka linaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Watafiti wa Framingham, Marekani, waliofuatilia watu wa mji mmoja kwa miongo mingi, walionyesha kwamba mapigo haya huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano.

Shida ni kwamba mwanzoni mtetemeko huo huja na kuondoka. Kipimo cha umeme cha kitandani kinachukua kama sekunde 10 hivi. Kama kuku katulia kwenye hizo sekunde 10, karatasi inatoka safi na mgonjwa anaambiwa ni mawazo. Umeme unamkamata mwizi akiwa dirishani. Eko inakuonyesha dirisha lililolegea kabla mwizi hajaja. Hao hao wa Framingham walichapisha mwaka 1994 kwamba kila chumba hicho kinapoongezeka milimita 5, uwezekano wa kuja kupata mapigo haya unapanda kwa karibu asilimia 39. Siku hizi wataalamu wanapenda zaidi kupima ujazo kuliko upana, kwa sababu chumba hakitanuki sawasawa pande zote. Kikivuka mililita 34 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kimetanuka. Mashine mpya zinapima hata jinsi ukuta wake unavyonyumbuka, na mnyumbuko huo unaweza kupungua kabla chumba hakijatanuka. Sikuombi hizo. Naomba tarakimu moja.

Nilikuwepo Dar es Salaam dada akipimwa. Alilazwa kwa ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, akapakwa jeli kifuani, akaguna kuwa ina baridi kama mto Kiwira. Kwenye kioo moyo ulikuwa ndani ya umbo la kipepeo cha kupepea makaa, chumba cheusi kikifumba na kufumbua. Mpimaji akaisimamisha picha, akaweka alama ukuta wa juu, akaivuta hadi ukuta wa chini, tarakimu ikajiandika. Nilikuwa na saa yangu ya uuguzi. Haikufika dakika moja.

Usinielewe vibaya. Chumba kikubwa peke yake hakimaanishi mtu aanze dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo zina hatari yake ya kutokwa damu, na kwa mgonjwa wa presha kama dada zinasubiri mapigo yenyewe yaonekane. Wala sisemi kila mwenye presha kuanzia Chunya hadi Kyela apangiwe eko. Nasema yule ambaye tayari amepanda kitanda, amepakwa jeli na amelipia, aondoke na tarakimu. Ikiwa kubwa, kadi yake iwekwe alama, ili kila anapokuja kliniki ashikwe mkono, arudiwe kipimo cha umeme bila kusubiri alalamike, na akipatikana wa kumvalisha kile kifaa kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24, awe wa kwanza kwenye foleni.

Na hapo kwenye kushika mkono nina la kuungama. Nimehesabu mapigo ya maelfu ya watu kwa sekunde 15, nikazidisha kwa nne. Ni haraka, na mapigo yasiyo na mpangilio yanaweza kukupita hivi hivi, kwa sababu hesabu inatoka nzuri. Waliokuja baada yetu hawashiki kabisa. Mashine ya presha inawaletea namba ya mapigo, wanaiandika, mgonjwa anayefuata. Kidole kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, hakihitaji bajeti.

Kundi la pili ni la valvu, yaani milango ya ndani ya moyo, nalo linaniuma zaidi kwa sababu ni vijana. Mtoto anaumwa koo, haponi vizuri, homa ya baridi yabisi inamla valvu, na miaka kadhaa baadaye ni mama wa miaka 26 anayetweta akipanda kilima na ndoo. Valvu ikiwa imebana, chumba cha juu kushoto kinavimba kuliko cha mwenye presha yeyote, na mapigo yakiharibika donge haliko mbali. Kwa hawa vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda si jibu: utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za zamani za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Lakini warfarini bila kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachelewa kiasi gani kuganda, ni kuendesha gari usiku mlima Nyoka bila taa. Kwa hiyo kwa wagonjwa wa valvu naomba tarakimu mbili, ya chumba na ya INR, na hiyo ya pili ipatikane karibu na anakoishi mgonjwa.

Dada sasa anatembea na fimbo. Kumenya ndizi kamwachia binti yake, ila kukosoa namna zinavyomenywa hajaacha. Karatasi zake zote mbili ninazo, ile ya maneno na ile ya tarakimu, nazileta ofisini kwako siku utakayonipangia. Na kama utaona inafaa, nipo tayari kukaa kwenye benchi la kliniki ya presha Jumanne na Alhamisi na saa yangu, niwaonyeshe wauguzi vijana dakika nzima ikoje. Chai nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya