Mwanangu, mwamshe huyo kapteni

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mamako goti limeanza tena kumsumbua, na ukimwambia aende akapigwe picha anasema ana daktari wake wa mifupa Marekani, atamngoja. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zako huzishika yeye. Ikinifikia mimi imebaki dakika mbili, na wewe unapiga miayo. Adhana ya alfajiri ikilia hapa Kisauni, huko El Paso ni saa mbili za usiku, nawe ama umetoka kazini ama ndio unaingia.

Juzi ulimwambia mamako jambo ukidhani mimi nimelala. Ulisema ulikuwa zamu, na mgonjwa aliyevunjika mguu jioni ile alikuwa akilia kwa maumivu hata baada ya kudungwa sindano. Ukashika simu umwite mkubwa wako, ukaiweka. Ukaishika tena, ukaiweka. Mara ya tatu ndipo ukapiga, na yule mgonjwa akaingizwa tiyeta usiku uleule. Mamako akasema alhamdulillahi, akaendelea na habari za arusi ya jirani. Mimi sikulala tena.

Ulipotuambia mwezi wa Machi kwamba nafasi uliyopata ni ya mafunzo ya pamoja ya udaktari wa mifupa, hospitali ya jeshi ya William Beaumont upande mmoja na chuo cha Texas Tech upande wa pili, nilishtuka kidogo. Wanajeshi ninaowajua mimi ni wale wa kambi ya Mtongwe, nawaona wakivuka feri ya Likoni wamenyooka kama mlingoti. Nikajiuliza, huyu binti ambaye tangu mdogo haamki mpaka umvue shuka, atakaa vipi miaka mitano na maafande? Na tena wanawake katika kazi ya mifupa ni wachache huko kama walivyo huku.

Lakini baadaye nikakumbuka kwamba vitu vingi nilivyovishika kwa mikono hii katika chumba cha plasta vilipitia vitani. Ile splinti ya Thomas, fremu ya kunyoosha mguu, niliyowafunga waliovunjika paja sijui mara ngapi, mwenyewe Hugh Owen Thomas alikuwa daktari wa Liverpool, na ukoo wake ulikuwa wa waunga mifupa wa kienyeji, kama wakandaji wetu. Alikufa bila kusikilizwa sana. Mpwa wake, Robert Jones, ndiye aliyeipeleka kwa majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu waliokuwa wakifa kwa kuvunjika paja wakaanza kupona. Na ule msumari wa SIGN, unaopigwa ndani ya mfupa bila kuhitaji mashine ya kuonyesha picha wakati wa upasuaji, ulianzishwa na Lewis Zirkle, daktari wa mifupa aliyetumikia jeshi la Marekani Vietnam. Mwaka 1999 akaanzisha shirika la kuupeleka kwenye hospitali zisizo na uwezo. Leo kuna madereva wa bodaboda hapa Kenya wanaotembea na msumari huo pajani. Basi nikatulia. Nikajisemea, mwanangu amekwenda kisimani kwenyewe.

Unavyonisimulia ndivyo nilivyotarajia. Upande wa jeshi ni vijana: goti lililoteguka mazoezini, bega lililochomoka, mfupa wa muundi uliofanya ufa kwa kutembea masafa na mzigo mgongoni. Upande wa raia ndiko kuna ajali za magari, risasi, wazee walioteleza bafuni. Na wale wanaoanguka kutoka ule ukuta wa mpaka wa Mexico. Uliponieleza hao nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe, si kwa kuwacheka wao. Niliwakumbuka wagema wetu. Mtu akianguka kutoka mnazini akatua kwa miguu, kisigino huvunjika, na nguvu ile hupanda mpaka kiunoni ikavunja pingili ya uti wa mgongo. Mwenyewe hulalamikia kisigino tu kwa sababu ndicho kinachouma zaidi. Sisi tulifundishwa na mzee mmoja wa wodini: ukishika kisigino cha mgema, mkono wa pili upeleke mgongoni. Mnazi au ukuta, ardhi ni ileile. Nilifurahi sana uliposema ulimpapasa mgongo kabla hujaambiwa.

Na mnahesabiwa saa! Saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na zikizidi mnaulizwa. Hebu nisiseme kitu hapo, mamako atasema naanza hadithi zangu.

Sasa turudi kwenye simu. Ulisema uliogopa kwa sababu yule mkubwa wako ni kapteni wa jeshi, wewe raia, na usiku uliotangulia ulimwamsha kwa jambo lililoonekana si lolote, akakujibu kwa mkato. Nakuelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu kuna jambo sijapata kukusimulia wala mamako halijui lote.

Hospitali niliyokuwa sitaitaja. Ulikuwa hujazaliwa. Aliletwa mtoto wa miaka tisa ameanguka mwembeni, amevunjika juu ya kiwiko, mkono wa kulia. Mfupa ukarudishwa, nami nikamfunga plasta ya kuzunguka mkono mzima, kiwiko kimekunjwa. Nzuri, laini, unaweza kujiangalia uso. Nilikuwa kijana, nikajisifu. Usiku mama yake akaja mlangoni kwangu, mtoto analia, anasema vidole vinamuuma. Nikamwambia plasta mpya huuma, itapoa. Akaja mara ya pili. Nilikwenda nikamnyoosha kidole kimoja, mtoto akapiga ukelele ambao mpaka leo naujua.

Hapo nilipaswa kumwita daktari. Lakini daktari wa zamu alikuwa mtu mkali, na wiki hiyohiyo alishaniambia mbele ya manesi nisimwamshe kwa sababu ya watoto walizi. Kuipasua plasta bila idhini yake nikaogopa. Nikakaa. Uvimbe umekosa pa kwenda nje, ukarudi ndani ukabana damu, na nyama ikikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa. Haya unayajua vizuri kuliko mimi, na Novemba mtaulizwa tena kwenye mtihani wenu wa kila mwaka. Mimi niliyajua asubuhi, nilipoipasua ile plasta kuanzia juu mpaka chini na vidole vikawa baridi.

Hakuna aliyenilaumu. Yule daktari alisema mambo hayo hutokea. Mkono ukakunjamana kama kucha za ndege.

Huyo kapteni wako, mwanangu, naye ni registra, daktari anayesomea ubingwa, kama wewe, amekutangulia miaka michache tu, na gwanda halibadilishi hilo. Akikujibu kwa mkato, muache akujibu. Akikasirika, mwambie pole afande, mgonjwa anaumwa kuliko ninavyoweza kueleza, njoo uone. Ukipiga mara kumi na tisa bure, piga ya ishirini. Na ikija siku yako ya kuwa mkubwa, mtoto wa watu akikuamsha kwa jambo lisilo na maana, mwambie ahsante kisha ulale. Najua utakuwa umechoka. Mwambie hivyohivyo.

Mamako anakufungia achari ya maembe na leso mbili, atampa yule binti wa Kibokoni anayesafiri mwezi ujao. Nimemwambia hao wa uwanja wa ndege wataitoa achari, hasikii.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Anauza kashata na njugu pale Mwembe Tayari. Hanijui. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nanunua kwake, hata kama sili, na kila Ijumaa hunirudishia chenji kwa mkono wa kushoto, akiinamisha kichwa: "Samahani mzee, ni huu wa kushoto."

Babako