Kabla hamjaenda kwa Mkurugenzi: barua kwa vikundi vya maji vya Magomeni na Chikongola, Mtwara

Wanangu, salaam.

Nasikia mmeshapanga siku ya kwenda kumwona Mkurugenzi wa Manispaa kuhusu maji. Ahirisheni. Maji ya mjini ni ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Mitaro ya barabara za mitaa waulizeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka, hizo ndizo za Manispaa. Mkienda ofisi isiyohusika mtakaribishwa vizuri, mtapewa viti, mtarudi mikono mitupu.

Anzeni kwa kuhesabu. Hesabuni kaya, si paa, maana nyumba moja ina wapangaji wanne na kila mmoja ana jiko lake. Andikeni watu wangapi, madumu mangapi kwa siku, wananunua kwa nani, bei gani kiangazi na bei gani masika. Kipato msiulize, watadanganya, na daftari zima litatiliwa shaka.

Kisha geuzeni madumu kuwa uniti, kwa sababu ofisini wanasoma uniti. Uniti ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kaya ikinunua dumu kwa shilingi 100, inalipa 5,000 kwa uniti. Wekeni namba hiyo kando ya bei ya kioski cha maji iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Hapo hamuombi msaada tena, mnawaonyesha MTUWASA fedha inayoishia kwa wauza maji wa maguta badala ya kuingia kwao. Wenzenu wa Mukuru, makazi duni ya Nairobi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa makazi duni Kenya, walikusanya takwimu za namna hii, na mwaka 2017 kaunti ikatangaza makazi yao eneo maalumu la mipango.

Hesabu ikikamilika, ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti pale. Shida yetu Kusini ni korosho: mipango ya bajeti huanza kukusanywa wakati nusu ya mtaa iko shambani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1; ukileta hoja Mei, sufuria limeshaepuliwa. Basi ombeni mkutano mapema, kabla watu hawajatawanyika.

Muhtasari usainiwe na Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa, orodha ya mahudhurio ikiwa nyuma yake. Barua za kwenda MTUWASA ziwe nakala mbili, na yenu irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Bila muhuri, hesabuni kwamba barua haijafika. Maofisa huhamishwa, na mpya atawauliza kwa upole kabisa: barua ipi?

Kiwanja cha kioski mnachoomba kimalizeni kabla ya kikao na MTUWASA. Mwenye eneo aandike ridhaa mbele ya Mtendaji, vipimo vikitajwa. Ridhaa ya mdomo huisha siku anapouza nyumba, mnunuzi akatia kufuli.

Waende watano, na wawili kati yao wawe kina mama wanaobeba ndoo wenyewe. Msimtume mtu mmoja, hata awe msemaji hodari. Anayekwenda peke yake mara nyingi hurudi na mita ya kwake. Wakiambiwa "tunalishughulikia", waulize: bomba la inchi ngapi, litoke wapi, fedha iko kwenye kifungu kipi, lini? Majibu yaandikwe humo humo kikaoni. Kimya kikizidi, malalamiko yaende EWURA yakiambatana na ile nakala yenye muhuri.

Daftari likae kwa mweka hazina. Mwenyekiti apewe nakala.