Picha inolewe mara moja, tena mwishoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linaloharibu picha nyingi za magazetini siku hizi, nalo ni kunolewa kupita kiasi, yaani kuongezewa ukali kwa programu ya kompyuta kuliko inavyostahili. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea. Katika Mfungo Sita uliopita nilimpiga picha mzee mmoja aliyeketi barazani baada ya swala ya Alasiri, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Katika faili yangu, kila tundu la kofia ile lilihesabika. Gazeti moja lilipoichapisha, matundu yalikuwa yamegeuka madoa meusi na meupe, kichwa kimezungukwa na mstari mweupe kana kwamba kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa ukutani, na makunyanzi ya uso, ambayo ndiyo yaliyonisimamisha pale, yamekuwa kama nyufa za udongo mkavu.

Nilipoulizia nikaambiwa kwamba picha ilinolewa ikiwa kubwa, ikapunguzwa ienee safu mbili, kisha ikanolewa tena. Nami nilikuwa nimeshainoa kabla ya kuituma, kosa ambalo nalikiri. Kunoa hakurudishi kitu ambacho lenzi haikukiona. Programu hutafuta mahali giza na mwanga vinapokutana, ikazidisha giza upande mmoja na mwanga upande wa pili, na jicho likaona ukali. Ukirudia mara tatu, ule mwanga uliozidishwa ndio unaokuwa mstari mweupe kichwani.

Sisemi picha isinolewe kabisa. Faili ghafi, yaani ile inayohifadhi data ya kamera kabla haijasindikwa kuwa picha, huanza ikiwa laini kidogo kwa sababu katika kamera nyingi kila pikseli, yaani kila nukta ya kupokea mwanga, hupokea rangi moja tu, nusu yao kijani, robo nyekundu na robo bluu, kwa mpango wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak uliopewa hataza mwaka 1976; rangi mbili zinazokosekana hukisiwa kutoka kwa pikseli jirani. Ulaini huo unahitaji kurekebishwa kidogo mwanzoni, na marekebisho hayo siyo kunoa ninakokuzungumzia. Ukali wenyewe hutegemea ukubwa wa mwisho na mahali picha itakapoonekana: wino husambaa katika karatasi ya gazeti, kwa hiyo picha ya kuchapishwa huhitaji kunolewa zaidi kuliko ile ile ikiwekwa kwenye tovuti.

Wapo wahariri wanaoziogopa faili ghafi wakidhani ni mlango wa udanganyifu. Mwezi Novemba 2015 shirika la Reuters liliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotengenezwa kutokana na faili hizo, na sababu zake, ukweli na kasi, naziheshimu. Hata hivyo, shindano la World Press Photo huzidai faili hizo hizo ili kuhakikisha kwamba picha haikuchezewa. Isitoshe, faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG, faili ya kawaida ya picha iliyokwisha kusindikwa, ina 256. Anayepiga picha ya uso mweusi na kanzu nyeupe katika jua kali la pwani anajua ngazi hizo zina thamani gani.

Ombi langu kwa madawati ya picha ni kwamba mpokee picha ambayo haijanolewa, muipunguze kwanza hadi kipimo cha safu, kisha muinoe mara moja, mkiyaacha macho, nyuzi na kingo za nguo zipate ukali huku ngozi ikilindwa. Gharama si kikwazo, kwa kuwa programu za darktable na RawTherapee hupatikana bure na zote zina vifaa vya kazi hiyo.

Faili ghafi ya mzee yule ninayo bado, haijaguswa. Dawati lenu likitaka kuifanyia majaribio kwenye karatasi yenu, nitaileta.

Mpiga picha wa kujitegemea,
Tanga