Tudor mpya au Omega iliyotumika? Hesabu haianzii kwenye mita

Mhariri,

Msomaji aliyeuliza katika ukurasa wako wa barua achukue saa gani kati ya Tudor Black Bay 58 na Omega Seamaster Diver 300M, huku mfuko wake ukiwa na kikomo, amejibiwa na wengi. Karibu wote wamempeleka kwenye namba moja iliyoandikwa usoni mwa saa, ya kina cha maji inachostahimili: Tudor mita 200, Omega mita 300, basi achukue yenye mita nyingi. Naomba nafasi nipinge, kwa kuwa hiyo ndiyo namba itakayomsaidia kidogo kuliko zote.

Mzamiaji wa kujifurahisha hufundishwa asipite mita 40. Kanuni ya kimataifa ya saa za wazamiaji, ISO 6425, inaanzia mita 100, na inataka kila saa ijaribiwe kwa shinikizo linalozidi kwa robo lile lililoandikwa. Mita 200 zina akiba tele. Saa nyingi huingiwa na maji kwenye beseni la kunawia, ama kwa sababu kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia majira, hakikukazwa, ama kwa sababu raba za kuzuia maji zimekauka na hazijabadilishwa kwa miaka. Hata iandikwe mita 1,000, raba iliyokufa haizuii kitu.

Omega ina kifundo cha pili, upande wa namba 10, cha kutolea gesi ya heliamu. Kimewekwa kwa ajili ya watu wanaokaa siku nyingi ndani ya chemba yenye shinikizo kubwa wakipumua mchanganyiko wenye gesi hiyo. Chembe za heliamu ni ndogo mno, hupenya raba na kujaa ndani ya saa. Shinikizo la chemba linapopunguzwa, gesi iliyonaswa inaweza kung'oa kioo. Asiyefanya kazi hiyo hana sababu ya kukigusa kifundo hicho maisha yake yote, na saa ikienda kwa fundi ni tundu moja zaidi lenye raba ya kubadilishwa. Kama pambo, kinapendeza.

Sasa hesabu yenyewe. Saa zote mbili, kwa umbo ninalolizungumzia hapa, zilitoka mwaka 2018. Zikiwa mpya, bei ya Omega huwa juu. Ikishatumika hushuka hadi kukaribiana na Tudor mpya. Mwenye bajeti finyu, kwa hiyo, yuko kati ya Tudor yenye dhamana yake kamili ya miaka 5 na Omega ambayo dhamana yake imekwisha au iko ukingoni. Swali likikaa hivyo, mambo hubadilika. Ushauri wangu ni agawe fedha yote aliyonayo mafungu matano, manne ya kununulia, na la tano asiliguse. Hilo ni la huduma ya kwanza, raba na pingili za mkanda zilizokosekana. Kama mafungu manne hayatoshi saa yoyote kati ya hizi, anunue Seiko iliyoandikwa DIVER'S 200m, azame nayo bila wasiwasi, na aendelee kudunduliza.

Tukija kwenye mashine, Omega imeshinda na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Mashine yake, Calibre 8800, hupitishwa kwenye majaribio ya METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, ambako saa nzima iliyokwisha kuunganishwa hairuhusiwi kuchelewa hata sekunde moja kwa siku wala kutangulia zaidi ya sekunde 5. Pia hustahimili sumaku ya gauss 15,000 (gauss ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati saa ya kawaida inayoitwa ya kuhimili sumaku hudaiwa takriban gauss 60 tu. Mashine ya Tudor, MT5402, ina cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa mashine za saa, kinachoruhusu kuchelewa sekunde 4 au kutangulia 6, na kampuni yenyewe hujibana zaidi: kuchelewa 2, kutangulia 4. Springi ya mizani yake, yaani ya gurudumu linalopima mwendo wa saa, ni ya silikoni, haishikwi na sumaku, ila vipande vingine vya chuma vilivyo jirani nayo vinaweza kushikwa.

Lakini sumaku si msiba. Saa iliyoshikwa na sumaku kwa kawaida huanza ghafla kukimbia mbele, wakati mwingine dakika kadhaa kwa siku, bila kuangushwa wala kugongwa. Chanzo huwa kifuniko cha simu chenye sumaku, spika, au kufuli la mkoba. Fundi huiweka juu ya kifaa cha kuondolea sumaku, anabonyeza, anaiinua taratibu kabla ya kuachia, na kazi imekwisha. Huduma ya sekunde chache haiwezi kuwa sababu ya kuongeza fedha nyingi kwenye bei, isipokuwa kwa mtu anayeshinda karibu na mota kubwa au mitambo ya hospitali.

Kuna jambo la matengenezo ambalo wauzaji hawalisemi. Omega hutumia mfumo wa koaksia uliobuniwa na fundi Mwingereza George Daniels, na ambao kampuni hiyo iliuingiza sokoni mwaka 1999. Unapunguza msuguano kwenye magurudumu yanayosukuma mizani, na hilo ni jema. Ila upakaji wake mafuta una utaratibu wake, na fundi aliyezoea mashine za kawaida akiupaka kwa mazoea ataharibu mwendo wa saa. Vipuri navyo havipatikani ovyo nje ya vituo vilivyoidhinishwa. Tudor nayo haigawi vipuri vyake kwa kila mtu, lakini mfumo wake ni ule ambao kila fundi amesomea. Kabla ya kununua Omega, mnunuzi aulize kwanza nani ataifungua, na kwa bei gani.

Akiba ya mwendo inaonekana ndogo kwenye karatasi, mpaka mtu awe na saa zaidi ya moja. Tudor hutembea saa 70 baada ya kuvuliwa, Omega saa 55. Zote zikivuliwa Ijumaa saa 12 jioni zikiwa zimejaa, Omega itasimama saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, na Tudor bado inatembea hadi Jumatatu saa 10 jioni. Omega ina tarehe, hivyo ikisimama hadi siku ya pili lazima irekebishwe saa na tarehe pia. Tudor haina tarehe. Wapo wanaoiona hiyo kasoro. Mimi naiona faraja.

Mkono ndio unaoamua zaidi ya yote haya, na hapa ndipo watu hupoteza fedha. Wanasoma kipenyo tu: Tudor milimita 39, Omega milimita 42. Kipimo kinachouma ni urefu kutoka ncha ya vishikio vya juu vya mkanda hadi ncha ya vile vya chini. Kwa Tudor ni takriban milimita 48, kwa Omega takriban 50. Akate vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja cha milimita 48 na kingine cha 50, akilaze kila kimoja kukingama mgongo wa mkono pale saa inapokaa, juu kidogo ya mfupa uliochomoza. Ncha zikivuka ukingo wa mkono hata kidogo, mkanda utaning'inia wima badala ya kuukumbatia mkono, na saa itakuwa inayumba huku na huku. Kisha unene: Tudor karibu milimita 12, Omega kama 13 na nusu, sehemu fulani kwa sababu mgongo wake ni wa kioo ili mashine ionekane. Mvaaji wa shati la mikono mirefu ataujua unene huo kila asubuhi.

Kwenye bizimu Omega inarudisha heshima. Ina kibonyezo kwa ndani, na mkanda huongezwa au kupunguzwa papo hapo mkono unapovimba kwa joto. Ile Black Bay 58 ya 2018 inataka kijiti chenye ncha cha kuhamisha pini kwenye matundu ya bizimu, na hutapata kijiti hicho ukiwa njiani.

Duara la nje la dakika ndilo linaloifanya saa kuwa ya mzamiaji. Alama yenye mwanga huwekwa mkabala na mshale wa dakika wakati wa kuanza kuzama, na duara huzunguka upande mmoja tu, ili likigongwa kwa bahati mbaya lionyeshe muda mwingi zaidi ya uliopita na kumtoa mzamiaji mapema. Omega imefanya jambo la busara sana hapa: gizani, mshale wa dakika na alama ya duara hung'aa kijani, na vingine vyote hung'aa bluu, hivyo jicho halichanganyi. Tatizo ni kingo zake za mawimbi, ambazo kwa vidole vilivyolowa huteleza. Duara la Tudor lina meno na hushikika vizuri. Bapa lake la namba ni la alumini, linachunika na kupauka, ila kulibadilisha si gharama kubwa. La Omega ni la seramiki, halichuniki wala halipauki, lakini likipigwa sana linaweza kupasuka, na likipasuka hununuliwa lote.

Anayeelekea kwenye Omega iliyotumika asitoe fedha kabla ya kufanya haya. Namba ya mfululizo kwenye saa ilingane na ile ya kadi ya dhamana, tarakimu kwa tarakimu. Ashike saa kwa ubavu, mkanda ukiwa mlalo hewani: ukipinda chini kama kamba, pingili zimelika. Azihesabu pingili na kuufunga mkanda mkononi mwake, kwani pingili ya kampuni ni ghali kuliko inavyofikiriwa. Akifungue na kukikaza kifundo mara kadhaa. Kinachokwama au kuingia upande kina uzi ulioliwa. Aangalie kingo za vishikio. Zikiwa za duara na laini kama sabuni, saa imesuguliwa mara nyingi na chuma kimepungua.

Kisha aombe majaribio mawili kwa fundi. La kwanza ni la unyevu: saa huwekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 10 hadi 20, halafu tone la maji ya kawaida hudondoshwa katikati ya kioo. Baada ya dakika moja tone hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukibaki chini ya kioo, maji yamekwisha ingia, na kutu iko njiani. La pili ni la shinikizo, kwenye mashine ya hewa kavu, ambayo hupima kama kesi ya saa, yaani gamba lake la chuma, inabadilika umbo chini ya shinikizo. Isiyobadilika inavuja, kwa sababu hewa inaingia hadi ndani. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha jibu.

Uamuzi wangu, kwa bajeti aliyoitaja: Tudor mpya. Omega aichukue tu ikiwa ina karatasi ya huduma ya ndani ya miaka miwili kutoka kituo kilichoidhinishwa, imepita majaribio yote mawili, na kile kipande cha milimita 50 hakikuvuka mkono wake. Masharti hayo matatu yakitimia, anapata mashine bora kwa fedha ileile, na sitamzuia.

Yoyote atakayoichukua, kifundo akikaze hivi: akisukume ndani kidogo, akizungushe kwanza kinyume mpaka ahisi uzi umekaa mahali pake, ndipo akikaze, bila kutumia nguvu. Hicho ndicho kinachookoa uzi. Asikifungue ndani ya maji. Akitoka baharini aisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huku akilizungusha duara ili mchanga utoke. Duara linalokwama mara nyingi lina chumvi chini yake, na hulegea likilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Asiingie nayo sauna, kwa kuwa joto kali huharibu raba na baridi ya ghafla huvuta mvuke ndani. Shinikizo lipimwe kila mwaka kama saa inaingia majini, na kila mara mgongo unapofunguliwa, hata kama fundi ameapa kuwa ameufunga vizuri. Siku ya kuipeleka kwenye huduma kamili, aandike kwenye fomu kwa mkono wake mwenyewe: kesi isisuguliwe.

Wako,
Fundi saa