Afande, hatari ya tende ni ipi?

Mhariri,

Ramadhani iliyopita nilisimama siku 3 kwenye dirisha la mapokezi la gereza moja hapa jijini, mkononi nina kilo ya tende, kofia na msahafu. Mwanangu yuko rumande, kesi yake hata haijaanza kusikizwa. Siku ya kwanza nikaambiwa hakiingii kitu. Nikauliza kwa nini. "Mama, ni mambo ya usalama." Nikarudi Majengo na mfuko wangu.

Siku ya pili neno lilikuwa lile lile. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mama wa Kiakorino, wale Wakristo wanaofunga vilemba, aliyemletea mumewe kilemba, kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kukunjwa vizuri. Naye akajibiwa usalama. Kabla yetu mtu alikuwa ameleta mkate. Afande akauchoma kwa spoku ya baiskeli mara nne tano, akaona hauna kitu, ukaingia. Sabuni nazo zilikatwa vipande viwili, zikaingia. Nikajiambia, kumbe kukagua wanajua.

Siku ya tatu zamu ilikuwa ya kijana ambaye kwanza aliniuliza kama anaruhusiwa kuushika msahafu. Akapapasa jalada, akaniambia jalada gumu namna hii watu hulipasua, wakaficha ndani wembe au laini ya simu. Nikileta wenye jalada jepesi utapita. Kofia akaigeuza ndani nje, akairudisha kwenye mfuko. Na tende? Tende, alisema, zikilowekwa kwenye kopo na ganda la mkate, baada ya siku chache ni pombe. Hapo nilinyamaza. Nimezaliwa Majengo, najua vinavyochachuka. Tukapatana niwe nikileta tende 7 kila nikija, zimetolewa kokwa. Saba ni witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili, kwa hivyo hata Sunna ya kufuturu haikupungukiwa.

Ninayasimulia haya kwa sababu yule kijana alikuwa na sababu, tena sababu nzuri, na ilimchukua dakika mbili kunieleza. Wenzake wa siku mbili za mwanzo huenda walikuwa na sababu hiyo hiyo, lakini walinipa neno badala ya sababu. Neno huwezi kulijibu. Ukiambiwa hatari ni pombe, utapunguza tende. Ukiambiwa hatari ni jalada, utabadilisha jalada. Ukiambiwa "usalama", utafanya nini zaidi ya kwenda zako?

Na huo utaratibu wa yule kijana hakuubuni. Uko kwenye Katiba yetu ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 51 kinasema aliye kizuizini au gerezani anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo ni wazi kwamba haipatani na kule kufungwa kwake. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini na ibada. Na kifungu cha 24, kinachoeleza namna haki inavyoweza kupunguzwa, kinataka iangaliwe kama kuna njia nyingine isiyobana sana ya kufikia lengo lile lile. Tende 7 badala ya kilo ndiyo njia isiyobana sana. Kijana wa dirishani aliifikia bila wakili.

Wakili wa mwanangu aliponisikiliza alicheka, kisha akanisimulia habari za Marekani. Mwaka 1987 wafungwa Waislamu wa New Jersey waliopelekwa kazini nje ya majengo ya gereza walilalamika kwamba wanakosa swala ya Ijumaa. Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaona sababu za gereza zinatosha. Baadaye sheria ya mwaka 2000 ikaugeuza mzigo: mfungwa akionyesha kuwa ibada yake imezuiwa pakubwa, gereza ndilo lithibitishe kwamba halina njia nyingine. Mfungwa wa Arkansas, Gregory Holt, akaomba kufuga ndevu za nusu inchi. Wakuu wakasema ataficha vitu humo, na akitoroka atanyoa asitambulike. Mahakama ikauliza: mbona nywele za kichwani hamzinyoi? Mbona wenye maradhi ya ngozi mnawaachia ndevu za robo inchi? Si mumpige picha mbili, moja ana ndevu na moja hana? Januari 2015 majaji wote 9 walimpa haki.

Sitaki kujifanya magereza ni madrasa. Novemba 2021 wafungwa 3 wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, nchi ikashika roho mpaka walipokamatwa Kitui. Wako pia wanaowinda vijana kwa jina la dini huko ndani, na mimi mwenye mtoto rumande nawaogopa kuliko mhariri anavyowaogopa. Imamu anayeingia na akaguliwe, ajulikane ni nani na anasema nini. Lakini baada ya Kamiti waliofikishwa mahakamani ni askari jela, na aliyefutwa kazi ni Kamishna Jenerali wa Magereza. Sikusikia mtu akisema wale watatu walitorokea ndani ya kilemba.

Kuna jingine dogo. Kule aliko mwanangu chakula cha jioni hutolewa saa kumi, kisha milango hufungwa. Aliyefunga saumu huweka ugali wake hadi magharibi, karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, ukiwa umekauka na nzi wameutangulia. Sidai milango ifunguliwe usiku; askari ni wachache, hilo naliona. Nilipeleka kopo la plastiki lenye kifuniko. Lilikataliwa, na sababu mnaijua.

Ninachoomba kwa wakubwa wa magereza ni karatasi. Ibandikwe pale dirishani: hiki kinaingia, hiki hakiingii, na mbele ya kila kilichokataliwa hatari yake itajwe. Kama kifuniko cha plastiki kinaweza kunolewa kikawa kisu, andikeni hivyo, nami nitatafuta kawa la ukindu. Kilemba kama ni hatari kwa urefu wake, semeni ni mita ngapi zinazoruhusiwa. Yule mama alikuwa tayari kukikata, nilimsikia akiuliza, "Nipunguze kiasi gani?" na hakuna aliyemjibu.

Kesi ya mwanangu imeahirishwa tena.

Mama wa mahabusu (jina limehifadhiwa),
Majengo, Nairobi