Mwanangu, kijana wako hakufyatua

Assalaam alaykum mwanangu,

Najua tangu utie sahihi ile ruhusa ya kijana wako kwenda kuwinda hujalala vizuri, maana kwa miaka yake 13 sheria ya jimbo letu la Wisconsin inataka mzazi ndo aseme nani atafatana naye porini na ukanitaja mimi. Sasa nataka uyasikie kwangu, yeye atakwambia tu ilikuwa poa basi.

Jumamosi ya ufunguzi wa msimu wa kulungu, ile kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, tuliswali alfajiri nyumbani tukaingia porini giza bado limetanda, tumevaa yale makoti ya rangi ya machungwa yanayowaka. Tukakaa kwenye kibanda cha turubai, baridi inang'ata, kijana kaweka mikono kwapani na hasemi kitu. Kama saa mbili hivi likatokea dume. Dume la haja mama, pembe zimetanuka, watu huku wanangojea miaka kuona kulungu kama yule. Akainua bunduki, jicho kwenye darubini, kidole amekilaza pembeni ya triga kama walivyofunzwa kwenye kozi ya uwindaji, mi nasikia pumzi zake tu. Halafu akaishusha polepole. Akaninong'oneza, "Babu, nyuma yake kuna ghala la jirani." Nikatazama, kweli, bati linaonekana katikati ya miti. Ni mbali, lakini risasi ya raifo inafika mbali zaidi. Dume likajiendea zake na mtoto hata hakununa! Wallahi nimefurahi kuliko ningerudi na zile pembe.

Mimi kwetu sikuwahi kuwinda, Kenya walishapiga marufuku 1977 nikiwa mdogo, haya yote nimefunzwa na mzee jirani yangu hapa, na naona huyu mtoto kayashika haraka kuliko mimi.

Alasiri akaja jike, amesimama ubavu, nyuma yake kilima kitupu. Hapo alipiga, na Bismillah, Allahu Akbar aliitamka mwenyewe kabla sijamkumbusha, kwa hiyo lile ulilouliza la halali usiwe na shaka, kisu nilikuwa nacho tayari lau tungemkuta hai. Alikimbia, tukangoja nusu saa maana ukimfukuza anazidi kwenda, kisha tukafata damu kwenye majani, damu ya waridi yenye mapovu, ishara kwamba imeingia mapafuni. Tulimkuta kashakufa, sio mbali. Kijana wako alipiga magoti akamwekea mkono shingoni akakaa hivyo kitambo, sikumharakisha.

Huyo jike tumeshamsajili kwa simu kama sheria inavyotaka, mwisho ilikuwa kesho yake saa kumi na moja jioni. Kichwa tumekipeleka kupimwa ule ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, upo jimboni humu tangu 2002, haijawahi kuonekana mtu kaupata lakini wataalamu wanashauri kulungu mwenye ugonjwa asiliwe. Nyama imo kwenye friza na haitapikwa mpaka majibu yatoke. Yakiwa mazuri nakuletea paja, ni nyama isiyo na mafuta kabisa kwa hiyo mishkaki ilaze na papai bichi, na kwenye pilau usiibanie samli.

Halafu mwakani anatimiza 14, sheria itamruhusu kwenda bila mtu mzima. Atakuomba. Usimkubalie bado mama, mi nataka nikae naye kibandani msimu mwingine.

Babako